Kanisa lilifundisha kusoma, soko likafundisha kuhesabu

*Shule za misheni za Busia na Tororo zilianza chini ya maaskofu wamoja kabla ya mpaka kuzitenganisha. Uamuzi wao kuhusu lugha na hesabu bado unamgusa kila anayevusha mzigo leo.*

BUSIA/TORORO

Mfanyabiashara anayevusha nyanya, mayai au dagaa kupitia kituo cha pamoja cha mpakani Busia anahitaji vitu viwili visivyopakiwa kwenye mkokoteni wala bodaboda: kusoma na kuhesabu. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa yenyewe imetengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani hubaki pale zinapohusika.

Anayejua kukisoma cheti hicho na kujumlisha thamani ya mzigo wake anamaliza shughuli na kwenda sokoni. Asiyejua anamlipa mtu amjazie, kisha anaweka sahihi kwenye maandishi ambayo hawezi kuyahakiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpakani inapotea hata ikiwa na daftari, kama daftari ni la mtu mwingine.

Ukiuliza wazee wa pande zote mbili walijifunzia wapi kusoma, jibu halitofautiani sana. Upande wa Uganda utatajiwa Dabani, Nagongera, Kisoko au Chuo cha Mtakatifu Petro mjini Tororo. Upande wa Kenya utatajiwa Mundika, Butula, Nangina, Amukura au Kolanya. Majina hayo ni ya misheni kwanza, shule baadaye. Kolanya ilikuwa ya Jeshi la Wokovu. Nyingi za nyingine zilikuwa za Wakatoliki au Waanglikana. Kwa zaidi ya nusu karne, mtoto wa eneo hili aliyetaka kushika kalamu alipita kwanza mlango wa kanisa.

Askofu mmoja, nchi mbili

Mpaka tunaouvuka leo ni mdogo kwa umri kuliko shule ya misheni. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote kutoka hapa hadi Naivasha ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku hiyo Waingereza waliukata mkoa huo na kuuhamishia kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso walijikuta wako nchi mbili bila kuhama.

Makanisa hayakufuata kalamu hiyo mara moja. Kwa Wakatoliki, eneo la kikanisa la Upper Nile lilikuwa limeundwa mwaka 1894 na kukabidhiwa mapadri wa Mill Hill kutoka London. Askofu wao wa kwanza, Henry Hanlon, alifika Kampala mwaka 1895 na kufanya makao Nsambya. Kutoka huko mapadri wake walisogea mashariki, wakafungua misheni Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904. Mwaka 1902 walikuwa wameanzisha Chuo cha Namilyango, ambako vijana wa mashariki ya Uganda walipelekwa kwa masomo ya juu zaidi. Upande wa Kenya haukuwa na eneo lake la kikanisa hadi mwaka 1925, lilipoundwa lile la Kavirondo lenye makao Kisumu.

Kwa Waanglikana ilikuwa hivyo hivyo. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na J. J. Willis, mmisionari wa dayosisi ya Uganda ambaye mwaka 1912 alikuja kuwa askofu wa dayosisi hiyo. Nyanza ilibaki chini ya askofu wa Uganda hadi mwaka 1921, ilipokabidhiwa dayosisi ya Mombasa.

Kwa hiyo kwa takribani miaka ishirini baada ya mpaka kuchorwa, serikali zilikuwa mbili, lakini kwa kila dhehebu kubwa askofu alikuwa mmoja. Barua ya katekista wa Mumias na ya katekista wa Bukedi zilielekea meza moja ya askofu Kampala. Kabla ya kuwepo Jumuiya ya Afrika Mashariki, eneo hili lilikwisha kuwa na taasisi iliyofanya kazi ng'ambo zote mbili.

Msomaji ndiye muumini

Shule hizo za mwanzo hazikuwa majengo ya matofali. Zilikuwa vibanda vya nyasi, ubao mmoja na katekista aliyewatangulia wanafunzi wake kwa mwaka au miwili tu ya masomo. Wengi wa makatekista waliofika Bukedi mwanzoni walitoka Buganda, wakifuata njia aliyoifungua Semei Kakungulu alipoliteka eneo hilo kwa niaba ya Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Walikuja na Biblia ya Luganda, iliyokuwa imechapishwa kamili mwaka 1896.

Kwa Waanglikana, mtu hakubatizwa kwa urahisi kabla ya kuweza kusoma Injili mwenyewe. Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo waliitwa *abasomi*, yaani wasomaji, na hadi leo Mganda anaweza kusema anakwenda *kusoma* akimaanisha kwenda kusali. Kwa upande wa Wakatoliki katekisimu ilikaririwa zaidi, lakini nao hawakukawia kufundisha herufi, kwa kuwa kijiji ambacho dhehebu moja halikufungua shule, dhehebu jingine lilifungua. Ushindani huo uliwafaidi watu wa kawaida. Ndio uliofanya kijiji kimoja kipate shule mbili, moja kila upande wa kilima.

Biashara haikuwa mbali. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda ilizaliwa kutokana na kazi za ufundi za wamisionari wa Kianglikana, na mwaka 1904 mmoja wao, K. Borup, aligawa mbegu za pamba kwa wakulima. Zao hilo lilienea hadi Bukedi. Mkulima aliyeuza pamba alikutana kwa mara ya kwanza na mizani, risiti na kodi ya nyumba iliyodaiwa kwa fedha taslimu. Mwenye mtoto aliyesoma kibandani kwa katekista alikuwa na mtu wa kumsomea risiti.

Hata hivyo, lengo la shule halikuwa kumtoa mfanyabiashara. Lilikuwa kumtoa katekista, mwalimu, karani na fundi. Maseno ilifundisha useremala, ujenzi na uchapaji, na mapema sana, mwaka 1908, wanafunzi wake waligoma wakitaka masomo zaidi na kazi za mikono kidogo. Wasichana walichelewa kufikiwa. Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko kutoka Ireland aliyefika Nsambya mwaka 1903, alianzisha mwaka 1923 shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huko Nkokonjeru, ambalo lilisambaza walimu na wauguzi wa kike hadi Kenya. Lakini katika shule nyingi za misheni za wakati huo, msichana alifundishwa kusoma, kushona na kutunza nyumba kuliko hesabu za faida na hasara. Mtu akiangalia leo jinsi wanawake walivyo wengi katika biashara ndogo ya mpakani, ataona ukubwa wa pengo hilo.

Lugha ipi?

Uamuzi mkubwa zaidi wa shule za misheni ulikuwa wa lugha, na hapo ndipo ng'ambo mbili zilipoachana.

Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyefariki mwaka 1890, alitumaini kwamba Kiswahili kingekuwa lugha moja ya eneo zima. Askofu Alfred Tucker, aliyefika mwaka huo huo, alikubali kwamba lugha moja ingefaa, lakini hakutaka iwe Kiswahili, kwa kuwa alikiona kimefungamana na Uislamu. Upande wa Uganda ulimfuata Tucker. Luganda ikawa lugha ya kanisa, ya shule na ya baraza, hata Bukedi ambako wenyeji walizungumza Ateso, Lusamia, Dhopadhola na Lunyole.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Maaskofu walipinga. Kabaka Daudi Chwa naye alipinga mwaka 1929. Sababu hazikuwa za dini tu. Buganda ilihofu kwamba Kiswahili kingekuwa daraja la kuiunganisha Uganda na Kenya ya walowezi. Makanisa nayo yalikuwa na miaka mingi ya vitabu, walimu na mitambo ya kuchapa vya Luganda. Pendekezo lilidhoofika, na baadaye Kiswahili kilibaki lugha ya jeshi na polisi, jambo lililokiongezea sifa mbaya katika miaka ya udikteta, hata baada ya Idi Amin kukitangaza lugha ya taifa mwaka 1973.

Upande wa Kenya misheni nazo zilipenda lugha za wenyeji, Kiluhya na Dholuo. Lakini reli, mashamba ya walowezi, polisi na miji vilikipeleka Kiswahili kwa watu bila kusubiri ruhusa ya askofu. Kisha mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikifanya somo la lazima linalotahiniwa. Tangu hapo hakuna mtoto aliyemaliza darasa la nane Busia ya Kenya bila kukikalia mtihani.

Matokeo yake yanasikika sokoni. Binamu wawili wa ukoo mmoja wa Kisamia wanaelewana kwa Lusamia. Akija mnunuzi kutoka Nakuru, yule wa Kenya anaendelea na mazungumzo na wa Uganda anatafuta maneno. Akija mnunuzi kutoka Kampala, mambo yanageuka. Bei ikipandishwa kwa shilingi chache katika sentensi ambayo muuzaji hakuisikia vizuri, hakuna ofisi ya forodha itakayomrudishia.

Walivyofanya wachuuzi wa Ulaya

Wamisionari walioleta shule hizi walitoka bara ambalo kanisa lilishika elimu kwa karne nyingi, na historia ya huko inamhusu mfanyabiashara kuliko inavyoonekana.

Baada ya dola ya Kirumi kuanguka upande wa magharibi, waliobaki na vitabu walikuwa watawa na mapadri. Mwaka 789 Mfalme Charlemagne aliagiza watoto wafundishwe kusoma katika monasteri na makao ya maaskofu: zaburi, uimbaji, hesabu ya kalenda na sarufi ya Kilatini. Mshauri wake mkuu wa elimu, Alcuin, alikuwa ametoka shule ya kanisa kuu la York, Uingereza. Hakuhitaji kujifunza lugha mpya ya kufundishia alipovuka bahari, kwa kuwa msomi wa York na msomi wa Ufaransa walitumia Kilatini. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano uliagiza kila kanisa kuu limtengee mwalimu riziki, ili awafundishe makleri na wanafunzi maskini bila malipo. Katika shule za namna hiyo za Paris ndimo kilimochipuka chuo kikuu cha mji huo.

Mchango huo ulikuwa mkubwa. Kanisa lilihifadhi maandishi, liliwapa watoto wa maskini wachache njia ya kupanda, na liliunganisha nchi nyingi kwa lugha moja ya kuandikia. Watawala walipata makarani wao humo humo. Neno la Kiingereza la karani, *clerk*, asili yake ni kleri.

Lakini Kilatini cha sala hakikutosha kuandika mkopo. Miji ya biashara ilipokua, wafanyabiashara waliona kwamba watoto wao wanahitaji barua za kibiashara, vipimo na ubadilishaji wa fedha. Huko Ghent, katika Ubelgiji ya leo, wenyeji wa mji waligombana na kanisa kuhusu nani ana haki ya kufungua shule, na mwanzoni mwa miaka ya 1190 wakapata hati iliyowaruhusu.

Huko Italia kisa ni kitamu zaidi. Baba yake Leonardo wa Pisa, anayejulikana leo kama Fibonacci, alikuwa ofisa aliyewahudumia wachuuzi wa Pisa kwenye nyumba ya forodha ya Bugia, mji wa pwani ya Algeria unaoitwa sasa Béjaïa. Alimwita mwanawe ajifunze hesabu huko. Leonardo alikutana na tarakimu za Kihindi zilizotumiwa na Waarabu, hizi tunazoandika sisi sote, na mwaka 1202 akatoa kitabu kilichoeleza jinsi ya kugawana faida, kulinganisha vipimo na kubadilisha sarafu. Tarakimu zilizobadili vitabu vya hesabu vya Ulaya zilimfikia akiwa kijana wa forodhani.

Baada ya hapo miji ya Italia ilijaza shule za hesabu za wachuuzi. Mwandishi wa tarikh wa Florence, Giovanni Villani, aliandika kwamba katika miaka ya 1330 mji wake ulikuwa na watoto kati ya 8,000 na 10,000 wanaojifunza kusoma, na vijana kati ya 1,000 na 1,200 katika shule sita za hesabu. Waliosoma sarufi ya Kilatini na mantiki walikuwa kati ya 550 na 600. Kanisa lilibaki na shule zake, na wachuuzi wakaongeza walichokikosa.

Busia na Tororo nazo zimeongeza, ila si kwa kujenga shule. Hesabu ya kubadilisha shilingi ya Uganda kwa ya Kenya, kupima debe, kukadiria hasara ya nyanya zinazooza njiani na kununua kwa deni vimefundishwa barazani na kwenye meza za wabadilisha fedha. Kiswahili cha Waganda wengi wa mpakani kimefundishwa na madereva wa malori, wachuuzi wenzao na waendesha bodaboda, usafiri ambao hata jina lake lilizaliwa kwenye mpaka huu. Ni shule nzuri, lakini karo yake ni hasara ya mwanafunzi mwenyewe.

Nani mwenye shule leo?

Serikali ziliingia polepole. Uganda iliunda idara ya elimu mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki. Baada ya uhuru, sheria ya Uganda ya mwaka 1963 na ile ya Kenya ya mwaka 1968 zilihamishia serikalini usimamizi wa shule za misheni zilizopokea ruzuku. Makanisa hayakutoweka. Kenya yanaitwa wadhamini, na Uganda yanaitwa waanzilishi. Maeneo yao nayo yamegawanyika kama nchi: Busia ya Uganda iko chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Tororo, na Busia ya Kenya iko chini ya Jimbo la Bungoma. Waanglikana wana Dayosisi ya Bukedi huku, na za Nambale na Katakwa kule.

Vyeo hivyo vina uzito. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inawapa wazazi wa shule ya umma viti sita vya kuchaguliwa kwenye bodi, na mdhamini viti vitatu. Uganda, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, mwanzilishi wa shule ya msingi huteua sehemu kubwa ya kamati ya shule, akiwemo mwenyekiti. Kwa maneno mengine, mzazi wa Busia ya Kenya anayetaka jambo libadilike shuleni aende kwenye mkutano wa kuchagua wawakilishi wa wazazi. Mzazi wa Tororo asiishie kwa mwalimu mkuu. Azungumze pia na parokia.

Na kuna jambo la kuzungumza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, umefanya Kiswahili na Ujasiriamali kuwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na mwezi huo huo wakuu wa nchi za Jumuiya wakakifanya moja ya lugha rasmi za Jumuiya, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Kwenye karatasi, hoja ya Tucker imekwisha. Darasani, somo la lazima bila mwalimu linabaki mstari kwenye ratiba.

Hapa ndipo mpaka unaweza kuwa faida. Upande mmoja una karibu miaka arobaini ya walimu wa Kiswahili waliofundisha kwa ajili ya mtihani. Upande wa pili una shule zinazowahitaji, nyingi zikiwa na mwanzilishi ambaye kanisa lake liko pande zote mbili. Tororo na Bungoma, Bukedi na Nambale ni majirani wa dhehebu moja. Zamani walituma makatekista bila kuuliza mto Malaba uko upande gani. Kubadilishana walimu wa Kiswahili na wa hesabu za biashara kunahitaji vibali vya kazi na usajili wa walimu, na hayo ni ya serikali. Lakini ombi linaweza kuanzia kwenye kamati ya shule, ambako mwenyekiti anafahamika kwa jina na wazazi wengi ni watu wa soko.

Muhula ujao shule zitaitisha mikutano ya wazazi kama kawaida. Wengi wetu huenda kusikiliza kiasi cha karo na kuondoka kuwahi mnada. Maswali mawili hayatachukua muda: nani anafundisha Kiswahili hapa, na mtoto akimaliza ataweza kujaza cheti cha mzigo wa mama yake?